Baridi Ndiyo Inayoishikilia Urusi

Mjini Yakutsk, katika Siberia ya mashariki, ukiinama kando ya jengo la ghorofa unaona hadi upande wa pili. Chini ya sakafu ya kwanza kuna uwazi wa mita moja hadi mbili, giza tupu, na ndani yake safu za nguzo za zege zimezama ardhini. Uwazi huo umeachwa makusudi, ili hewa ya nyuzi 40 chini ya sifuri ipite chini ya nyumba, iipulize ardhi na kuiacha imeganda. Ardhi ikiwa imeganda, nguzo zinashikwa kama msumari ndani ya mninga. Ikiyeyuka, nguzo hizohizo zinabaki zimesimama kwenye uji.

Naanza na uwazi huo kwa sababu kuna hoja inayorudiwa kila mazungumzo ya tabianchi yanapoigusa Urusi, kwamba nchi yenye baridi namna ile lazima itanufaika dunia ikipata joto. Mwaka 2003 Rais Vladimir Putin aliuambia mkutano wa wanasayansi mjini Moscow, nusu kwa utani, kwamba nyuzi mbili au tatu zikiongezeka watu watatumia pesa kidogo kwa makoti ya manyoya, na mavuno ya nafaka yatapanda. Ukiisikia haraka, hoja hiyo inaingia akilini. Mimi naipinga. Anayeitoa anaiona baridi kama mzigo ambao Urusi imeubeba, akitaraji kwamba mzigo ukitua mbebaji atapumua. Kumbe katika sehemu kubwa ya nchi ile baridi ni kifaa cha ujenzi: ndiyo msingi wa nyumba, ndiyo barabara, ndiyo daraja, na ndiyo blanketi la ngano.

Tuitazame ramani kwanza. Urusi ina kilomita za mraba milioni 17.1 na kanda 11 za saa. Wengi hudhani kwamba ukiifuata baridi kali lazima uelekee kaskazini, lakini kati ya Novemba na Machi baridi ya Urusi huzidi ukielekea mashariki. Murmansk iko karibu latitudo ya 69, kaskazini ya Mzingo wa Aktiki, na wastani wake wa Januari ni kama nyuzi 10 chini ya sifuri. Bandari yake haigandi mwaka mzima. Yakutsk iko latitudo ya 62, kusini zaidi, na wastani wake wa Januari unakaribia nyuzi 40 chini ya sifuri. Tofauti hiyo inatoka Bahari ya Atlantiki. Upepo wa magharibi hubeba uvuguvugu wa bahari hiyo, na kadiri unavyosafiri juu ya nchi kavu unazidi kupoa na kukauka, hata ukifika Siberia ya mashariki hauna kitu. Kusini, safu za Himalaya na nyanda za Tibet zimeifungia nje hewa ya Bahari ya Hindi. Kaskazini hakuna ukuta wowote: tambarare ya Siberia ya Magharibi inashuka taratibu hadi bahari ya barafu, na hewa ya Aktiki inateremka humo bila kugonga kilima.

Siberia ya mashariki katika majira ya baridi hutawaliwa na hewa nzito iliyotulia. Anga huwa halina mawingu, upepo haupo, na joto kidogo la ardhini linapotea usiku kucha. Hewa baridi ni nzito kuliko ya vuguvugu, hivyo hutiririka kutoka mlimani kama maji na kutuama mabondeni. Ndiyo maana rekodi mbili maarufu za baridi ya nchi ile zimetoka mabondeni: Verkhoyansk nyuzi 67.8 chini ya sifuri mwaka 1892, na Oymyakon nyuzi 67.7 chini ya sifuri mwaka 1933. Verkhoyansk hiyohiyo, tarehe 20 Juni 2020, ilifikia nyuzi 38 juu ya sifuri. Mahali pamoja, tofauti ya karibu nyuzi 106. Anayebuni reli, bomba au zege la huko lazima abuni kitu kinachovumilia ncha zote mbili.

Hewa hiyo kavu ina tabia nyingine ambayo mgeni haitarajii: inaleta theluji chache. Theluji ni blanketi. Ikiwa nene, inaizuia baridi isizame ardhini. Ikiwa nyembamba, baridi inapenya mita kwa mita, mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo ilipozaliwa ardhi ya mgando wa kudumu, ambayo wataalamu huitambua kwa kipimo kimoja tu: udongo au mwamba uliokaa kwenye sifuri au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Mgando huo umeenea katika takriban asilimia 65 ya eneo la Urusi, na sehemu kubwa yake ni urithi wa enzi za barafu, wakati ardhi ya Siberia ilipokaa wazi chini ya anga bila kufunikwa na barafu nene kama ile iliyoifunika Ulaya ya kaskazini.

Mwaka 1828, Fyodor Shergin, wakala wa kampuni ya biashara pale Yakutsk, alianza kuchimbisha kisima akitafuta maji ya kunywa. Kazi iliendelea hadi 1837, kisima kikafika mita 116, na udongo wa chini ulikuwa bado umeganda. Maji hakuyapata. Lakini shimo lake lilikuja kuwa na thamani nyingine, kwa sababu mwaka 1844 mwanasayansi Alexander von Middendorff alipima joto la kuta zake katika vina mbalimbali, na vipimo hivyo ni miongoni mwa misingi ya sayansi nzima ya ardhi iliyoganda. Leo tunajua kwamba kuna sehemu za kaskazini mwa Siberia ambako mgando unashuka hadi mita 1,500 hivi.

Juu ya mgando huo kuna tabaka linaloyeyuka kila majira ya joto na kuganda tena kila mwaka. Kwenye mboji na mimea midogo inayotandaa kama zulia katika tundra, nyika baridi isiyo na miti, huweza kuwa la nusu mita tu. Kwenye mchanga mkavu wa kusini hufika mita tatu na zaidi. Kila kitu kinachoishi au kujengwa kule kinategemea unene wa tabaka hili. Chini yake, katika maeneo mengi ya Yakutia, jimbo lenye makao makuu Yakutsk, kuna udongo laini uliochanganyika na kabari kubwa za barafu safi, kiasi kwamba ukichimba mita moja ya ujazo, zaidi ya nusu yake inaweza kuwa maji yaliyoganda. Msitu na mimea hiyo midogo vinaukinga udongo huo na jua. Vikiondolewa, barafu inayeyuka, maji yanatoka, na ardhi inabonyea. Watu wa kabila la Sakha wamefuga farasi na kukata majani ya mifugo kwa karne nyingi katika mabonde ya duara yaliyotokea hivyo, wanayoyaita *alaas*. Mabonde hayo yalichukua muda mrefu sana kutulia. Lakini kijijini Churapcha, mashariki ya Yakutsk, ubonyeaji unaonekana ndani ya umri wa mtu mmoja: uwanja wa zamani wa ndege umegeuka vinundu na madimbwi, na huwezi kuamini kwamba palikuwa na njia ya kurukia ndege.

Sasa turudi kwenye zile nguzo, maana hapo ndipo hoja ya faida ya joto inapovunjika.

Nguzo ya zege kule haipigwi nyundo ikazama. Fundi huchimba kwanza shimo lenye upana unaozidi nguzo kidogo, mara nyingi lenye kina cha mita 8 hadi 12. Humo humiminwa uji wa mchanga na maji, au wa mchanga na saruji. Nguzo inateremshwa, uji unapanda na kujaza nafasi kati yake na ukuta wa shimo. Kisha watu wanasubiri. Ardhi inayozunguka inaufyonza uvuguvugu wa uji, uji unaganda, na nguzo inagandamana na ardhi. Hairuhusiwi kuitwisha uzito wa jengo kabla vipimajoto vilivyoteremshwa shimoni havijaonyesha kiwango kilichowekwa kwenye hesabu. Uzito mkubwa hubebwa na ubavu wa nguzo ulioshikwa na barafu. Ncha ya chini inachangia kidogo. Na kina chote kile kina sababu nyingine: kila vuli tabaka la juu linapoganda, linavimba, linaikamata nguzo na kuivuta juu. Sehemu ya chini lazima iwe na mshiko wenye nguvu kuishinda ile mvuto, la sivyo nguzo inang'olewa sentimita chache kila mwaka, na jengo linapasuka kona.

Mshiko huo hausubiri barafu iyeyuke ndipo ulegee, na hili ndilo jambo ambalo wengi hawalijui. Ardhi yenye nyuzi 4 chini ya sifuri hushika kwa nguvu. Ardhi hiyohiyo ikiwa nyuzi 1 chini ya sifuri bado imeganda, ukiigonga inalia, lakini uwezo wake umeshuka vibaya, kwa sababu kati ya chembe za udongo tayari kuna maji kimiminika. Mhandisi wa miaka ya 1960 aliyepiga hesabu zake kwa ardhi ya nyuzi 4 hakukosea. Ardhi ndiyo iliyobadilika chini ya hesabu zake.

Uharibifu wa kawaida hauhitaji hata tabianchi kubadilika. Bomba la maji ya moto likivuja chini ya jengo majira mamoja tu, linachonga shimo la tope kuzunguka nguzo. Mtu akizungushia mbao ule uwazi ili apate ghala au gereji, upepo unakatika na ardhi inaanza kupata joto la sebuleni. Anayesukuma theluji hadi ukutani ameuziba mlango wa baridi. Na maji machafu yanayomwagika huwa na chumvi, na udongo wenye chumvi hauhitaji kufika sifuri ili uyeyuke. Kuna dawa inayotumika sana kwenye mabomba ya mafuta, matangi na tuta za reli: mrija wa chuma uliozibwa pande zote, wenye amonia au hewa ya ukaa ndani yake. Wakati wa baridi, ardhi inayoizidi hewa kwa joto inakichemsha kimiminika kilicho chini. Mvuke unapanda, unapozwa na hewa ya nje, unageuka kimiminika na kuteremka tena. Hauhitaji umeme wala pampu. Lakini unafanya kazi pale tu hewa inapokuwa baridi kuliko ardhi, kwa hiyo majira ya baridi yakipungua makali na urefu, dawa nayo inapungua dozi.

Tarehe 29 Mei 2020, karibu na mji wa Norilsk, tangi la akiba la kituo cha umeme lilipasuka baada ya msingi wake kutitia, na takriban tani 21,000 za dizeli zikamwagika. Sehemu kubwa iliingia mto Ambarnaya na kuelekea ziwa Pyasino. Kampuni iliyohusika ilitozwa fidia ya zaidi ya rubli bilioni 146. Mjadala uliofuata uligawanyika: wengine walilaumu ardhi iliyoyeyuka, ukaguzi wa serikali ukataja kasoro za usanifu, ujenzi na usimamizi. Kwangu pande hizo mbili hazigombani. Baridi kali husamehe kasoro. Nguzo iliyo fupi kidogo au iliyochimbiwa vibaya hustahimili miongo mingi ardhi ikiwa ngumu kama jiwe. Joto likipanda kidogo, kila kosa lililofichwa tangu enzi za Kisovieti linatoka hadharani, na sekta nzima ya mafuta, gesi na nikeli imejengwa juu ya ardhi ya namna hiyo.

Mito nayo ina kisa chake. Ob, Yenisei na Lena zote zinatoka kusini zikimwaga kaskazini, kwenye bahari iliyoganda. Machipuko huanzia kusini. Maji ya theluji iliyoyeyuka yanateremka wakati mto wa chini bado una barafu nzima, vipande vya barafu vinafika penye kona au penye kina kifupi, vinapandiana, na kujenga bwawa. Mei 2001 bwawa la namna hiyo kwenye mto Lena lilipandisha maji karibu mita 20 na kuuangamiza mji wa Lensk. Ndege za kivita zilitumwa kuilipua barafu kwa mabomu. Njia nzuri zaidi ni za kimyakimya na huanza mapema: Machi na Aprili watu hukata mifereji kwenye barafu kwa misumeno, na kunyunyiza majivu au vumbi la makaa ya mawe juu yake ili uso mweusi ulinywe jua na barafu idhoofike kabla ya wimbi la maji kufika. Kuna anayeweza kusema kwamba majira ya joto yakianza mapema tatizo litaisha. Haiwi hivyo, kwani kinachounda bwawa ni tofauti kati ya chanzo na mlango wa mto. Joto la ghafla kusini, theluji ikiwa bado nyingi, hulizidisha.

Lakini barafu hiyohiyo ndiyo barabara. Yakutsk, mji wa watu zaidi ya laki tatu, umekaa miaka na miaka bila daraja juu ya Lena. Majira ya joto magari huvushwa kwa vivuko. Barafu ikikomaa yanapita juu ya mto. Katikati ya misimu hiyo, barafu inapojijenga au kuvunjika, lori halina njia, na watu wanavushwa kwa vyombo vinavyoelea juu ya hewa. Kanuni za Urusi hutaka barafu imara ya sentimita 10 kwa mtu mmoja na kama sentimita 30 kwa gari dogo. Malori mazito huhitaji zaidi ya hapo. Ili barafu inenepe, wasimamizi wa njia huifagia theluji, blanketi lile lile, na kumwagilia maji tabaka kwa tabaka. Lori haliendi mbio juu yake. Uzito unaotembea unaibonyeza barafu na kusukuma wimbi kwenye maji ya chini. Mwendo wa lori ukilingana na mwendo wa wimbi hilo, wimbi linakua na barafu inapasuka mbele au nyuma ya gari. Ndiyo maana madereva huachiana nafasi, hufungua mkanda, na mlango hawaufungi. Vijiji vingi vya kaskazini hupokea dizeli, unga na makaa ya mwaka mzima kupitia njia hizo za majira ya baridi. Kila wiki inayokatwa kwenye msimu wa barafu ni wiki ya mzigo ambao utasafirishwa kwa ndege au hautafika kabisa, kwa kuwa katika majira ya joto njia hizo ni kinamasi.

Tuje kwenye ngano, ambayo ndiyo hoja yenye nguvu zaidi ya upande wa pili, na ndiyo inayotuhusu sisi moja kwa moja, maana Kenya na Tanzania hununua ngano nyingi ya Urusi. Ardhi inayolimika nchini Urusi ni kama asilimia 7 tu ya nchi. Moyo wake ni mkanda wa udongo mweusi, kutoka Kursk na Voronezh hadi Volga na kusini mwa Siberia, ambako tabaka lenye rutuba laweza kufika mita nzima. Udongo huo ulijengwa na mizizi ya nyasi za mbuga kwa maelfu ya miaka. Ukivuka kaskazini unaingia kwenye udongo wa kijivu wa misitu ya misonobari, mwembamba, wenye asidi, unaohitaji chokaa na mbolea nyingi. Ukiendelea mbele unakuta mgando wenyewe. Joto linaweza kuhamia kaskazini katika kizazi kimoja. Udongo mweusi hauwezi kuhama nalo.

Wakati huohuo mkanda ule wa kusini unakauka. Majira ya joto ya 2010 mvua zilikatika, Moscow ikafikia nyuzi 38, mboji na misitu ikawaka, na mavuno ya nafaka yakaanguka kutoka takriban tani milioni 97 za mwaka uliotangulia hadi milioni 61. Kuanzia tarehe 15 Agosti serikali ilipiga marufuku kuuza nafaka nje, na bei ya ngano duniani ikaruka.

Hata baridi ikipungua kwa kiasi, ngano haishukuru. Ngano nyingi ya kule hupandwa Agosti na Septemba, huchipua, kisha hulala chini ya theluji hadi machipuko. Uhai wake uko kwenye kifundo kilichofukiwa sentimita chache tu. Chini ya theluji nzuri kifundo hicho hustahimili hata hewa ya juu ikishuka nyuzi 30 chini ya sifuri. Majira ya baridi yakiwa na vipindi vya vuguvugu, theluji inayeyuka, maji yanatuama shambani, baridi inarudi, na shamba linavikwa ganda la barafu linaloinyima mimea hewa. Mkulima anafika Aprili anakuta mabaka ya kahawia. Hatari nyingine ni ya mwaka 2024: Aprili ilikuwa na joto, mimea ikakimbilia kukua, kisha Mei jalidi, yaani umande ulioganda, ikaanguka juu ya majani machanga na maua ya miti ya matunda, na hali ya dharura ikatangazwa katika mikoa ya Voronezh, Lipetsk, Tambov na mingine.

Faida zipo, na si haki kuzinyamazia. Moscow huwasha mfumo wake wa kupasha nyumba joto pale wastani wa joto la siku unapokaa chini ya nyuzi 8 kwa siku tano mfululizo, na huuzima kwa kanuni hiyohiyo ikigeuzwa. Msimu ukifupika, gesi inaokolewa, na hiyo ni pesa halisi. Njia ya Bahari ya Kaskazini, ile ya meli inayofuata pwani ya Aktiki ya Urusi, inafunguka kwa muda mrefu zaidi, nayo inafupisha sana safari kati ya Ulaya na Asia ya Mashariki. Lakini bahari za Laptev na Siberia ya Mashariki zina kina kifupi, meli za kuvunja barafu zinazotumia nyuklia bado zinahitajika, na pwani yenyewe, ambayo ni udongo ulioshikwa na barafu, inaliwa na mawimbi mita kadhaa kwa mwaka katika baadhi ya maeneo. Bandari inayotakiwa kupokea meli hizo inajengwa juu ya ufuko unaorudi nyuma.

Urusi inapata joto kwa kasi inayozidi mara mbili ya wastani wa dunia, na uamuzi wa kuokoa kilichojengwa uko mikononi mwa watu wanaofanya kazi zisizoonekana kwenye televisheni. Nchi imeanza kuchimba mtandao wa kitaifa wa visima vya kupimia joto la ardhi, na hiyo ni hatua njema iliyochelewa, kwa sababu vipimo vingi vya enzi za Kisovieti vilikatika miaka ya 1990. Kisima kimoja chenye vipimajoto kila mita hadi kina cha mita 10 au 20 huonyesha ubavu wa nguzo unavyopoteza mshiko miaka mingi kabla ufa haujatokea ukutani. Ningependa kila jengo lililo juu ya mgando liwe nacho, na namba zake zibandikwe mlangoni pale wakazi wanapopita. Ufa ukishaonekana, mafundi hubakiwa na kazi ghali ya kuteremsha nguzo mpya chini ya jengo lenye watu. Joto likionekana mapema, mara nyingi inatosha kuliziba bomba linalovuja, kuzing'oa mbao alizopigilia mtu ili apate ghala, kuisogeza theluji mbali na ukuta kabla ya Desemba, na kuuacha upepo upite.